Elkanah Aliitwa Ziwani

Lori lilikuwa limeshaanza kutembea na Gisiri bado yuko chini, anakimbia kwenye tope la mnada wa Ogwedhi, mkono mmoja umeshika ubao wa nyuma, wa pili umekumbatia jiwe lake la kunolea visu kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Tupa hilo jiwe!" Mellen alimpigia kelele kutoka juu. "Litakuja kukuua siku moja."

"Jiwe haliwezi. Ugali wako wa jana ndio karibu uniue," Gisiri akajibu huku anahema. Elkanah akamshika kwapani akamvuta ndani, yeye na jiwe lake na tope lake lote.

Ng'ombe walikuwa wameshushwa mnadani, kwa hiyo waliketi juu ya kinyesi kibichi, wakajifunika turubai moja watu wanne. Ilikuwa mvua ya kwanza ya masika. Ikishaanza kunyesha hivyo, udongo mweusi wa kule hushika gurudumu usiliachie, wenye mifugo hawaji, na mnada unalala. Basi kila mwaka hawa wanne walikuwa wakihama mara tu wingu linapotua: wanateremka mpaka Homa Bay, wanapanga vyumba vitatu kwa Mama Cate karibu na ziwa, wanakaa pale miezi miwili au mitatu mpaka barabara zikauke. Homa Bay samaki hawalali kwa sababu ya mvua, na penye samaki pana watu, na watu hawakosi kununua kitu.

Elkanah Ouko ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Alikuwa na miaka sitini na minane, akiuza kamba za katani na kengele za ng'ombe. Mellen, mama wa Kikuria mwenye mdomo usiochoka, aliuza viatu vya mitumba. Clifford alitengeneza redio na simu, na ndiye pekee aliyevaa shati lililopigwa pasi. Gisiri, naye Mkuria, wa Ntimaru, alinoa visu, mapanga na mikasi. Walikuwa wamezunguka pamoja miaka tisa. Kila mmoja alijua nani anakoroma, nani hawezi kula omena bila nyanya, nani akinywa chang'aa analia. Lakini ya nyumbani hayakuulizwa. Barabarani mtu haulizwi baba yake ni nani.

Nyumbani kwa Elkanah kulikuwa Uriri, si mbali hata kidogo. Alikuwa na binti pale, Pamela, na kaka mkubwa, Jacktone. Ila mguu wake ulikuwa unamwasha tangu ujana, na mke wake alipokufa uliwasha zaidi. Wiki mbili baada ya mazishi aliamka alfajiri, akafunga kamba zake, akatoka. Miaka kumi na mmoja sasa. Kila masika alisema akitoka Homa Bay atapitia nyumbani, na kila masika lori la Ogwedhi lilipatikana mapema.

Mwaka ule ziwa lilikuwa limekataa kukaa mahali pake. Walipofika kwa Mama Cate walikuta choo cha zamani kimemezwa, mpera uliokuwa nyuma ya nyumba umesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na matete yameota pale walipokuwa wakianika nguo.

"Choo kipya kiko huku," Mama Cate aliwaonyesha. "Lakini jioni msiende mikono mitupu. Beba sufuria na mwiko. Piga sufuria kwanza, hesabu mpaka kumi, ndio uende. Kiboko anakuja kula nyasi hapo."

"Na asiposikia?" Clifford akauliza.

"Basi utakuwa umemaliza haja zako hapohapo."

Wakacheka sana. Elkanah naye alicheka. Kuna jambo hakuwahi kumwambia mtu: aliogopa maji. Wao wa Uriri ni watu wa miwa na mahindi, lakini nani angejali hilo? Ukishakuwa Mjaluo, watu wanadhani umezaliwa na mapezi. Kwa hiyo miaka yote alikuwa akipanga chumba cha mwisho, cha mbali na ziwa, akisingizia kelele za mashine ya barafu. Mwaka ule hata chumba cha mwisho kilikuwa hatua thelathini tu kutoka majini. Alizihesabu mwenyewe asubuhi ya kwanza. Wiki ya tatu zilikuwa ishirini na mbili.

Mwezi wa tano Clifford alileta habari kwamba kwenye kisiwa cha ng'ambo kamba zimekwisha. Maji yamepanda, kila mwenye boti anataka kuifunga mbali zaidi, hakuna kamba. "Mzee, hiyo ni kazi yako. Boti inatoka kesho asubuhi, jioni umerudi."

Elkanah angesema nini mbele ya Mellen na Gisiri? Akasema, "Nitaenda."

Asubuhi walimsindikiza ufuoni. Karani wa boti alikuwa na daftari amelifunika kwa karatasi ya nailoni.

"Jina?"

"Elkanah Ouko."

"Kitambulisho." Akakiandika. "Namba ya simu ya mtu wa nyumbani?"

"Ya nini?"

"Ni sheria siku hizi, mzee. Ukizama tumpigie nani?"

Watu wa foleni wakacheka. Elkanah hakuwa na simu. Alijua namba moja tu kwa kichwa, ya Pamela, na hakuwa ameipiga hata siku moja. Ulimi wake ukaitaja wenyewe.

Akaingia majini mpaka magotini, akaweka mguu mmoja ndani ya boti. Chini kwenye mbao mlikuwa na maji machafu yanakwenda huku na huku, na boti ikainama kidogo upande wake, kidogo tu, kama ng'ombe anayetaka kulala. Mguu wa pili ukakataa. Aliuambia panda. Ukakataa.

"Mgongo," akasema. "Mgongo umenishika."

Gisiri alimtazama, halafu akaangua kicheko. "Mjaluo gani wewe unaogopa maji?"

"Siogopi. Ni mgongo."

"Haya, mgongo. Leta kamba. Nitakuuzia, na visu vya wake wa wavuvi nitanoa. Jioni uninunulie samaki, ngege mzima, mwenye kichwa." Akamsukumia Mellen kofia yake, akatupa kamba ndani, akapanda na jiwe lake kifuani.

"Karani, badilisha jina!" Elkanah aliita.

Lakini mvua ilikuwa imeanza kudondoka na daftari limeshafungwa. "Wakirudi nitabadilisha," karani akasema, akakimbilia kibandani.

Hawakurudi. Saa nne asubuhi upepo uligeuka, na boti ikapinduka kabla ya kukifikia kisiwa. Watu kumi na mmoja waliokolewa na wavuvi. Wawili hawakuonekana: mwanamke mmoja wa kisiwani, na mwenye jiwe. Jioni ufuoni kijana mmoja aliyeokolewa, amefunikwa blanketi, meno yanagongana, alimwambia Elkanah, "Tulimwambia aachilie. Tulimpigia kelele. Hakuachilia lile jiwe, mzee."

Elkanah alirudi chumbani akajifungia.

Kesho yake walikaa watatu kwenye jiko la Mama Cate. Sufuria ilikuwa ileile ya watu wanne.

"Naenda kwa karani," Elkanah alisema. "Nimwambie aliyekwenda si mimi."

"Ngoja kwanza," Clifford akasema. "Karani mwenyewe sasa hivi anatafutwa na polisi. Ukienda watakuuliza kwa nini ulimtuma mtu afe kwa jina lako. Na kamba ulizomtwika zilikuwa kilo ngapi. Utajibu nini?"

"Kwani ni yeye aliyeipindua boti?" Mellen aliuliza kwa ukali.

"Sijasema. Nasema watauliza."

"Na nyumbani kwa mzee je? Si wana ile namba? Watapigiwa waambiwe amekufa."

Wote wawili wakamgeukia Elkanah. Akakuna kidevu. Kumpigia Pamela kulikuwa rahisi, simu ya Clifford ilikuwa palepale juu ya meza. Lakini Pamela angeshika, naye angeanzia wapi? Mimi ni baba yako, sijafa, nilikuwa karibu miaka hii yote?

"Kesho," akasema.

Ilipofika kesho akasema kesho. Mellen alikuwa ameacha kumsukuma kwa sababu alikuwa na shughuli yake: kuwatafuta watu wa Gisiri. Alipiga simu Ntimaru, akapiga Kehancha. "Gisiri yupi?" waliuliza. "Huku wako wengi. Mtoto wa nani?" Na hapo Mellen alikuwa anakwama.

Siku ya sita, Jumatano, Elkanah alikuwa peke yake. Mellen na Clifford walikuwa sokoni, Mama Cate amekwenda kanisani kwa akina mama. Ilikuwa saa sita mchana, jua limetoka kidogo, na ziwa limetulia kama uji uliopoa. Alikuwa amelala kitandani anaangalia mabati.

Ndipo aliposikia jina lake.

Lilitoka majini, nyuma ya matete. Sauti ya mwanamume, nzito, ikivutwa. "Elkanah!"

Aliketi.

"Elkanah wuod Ouko! Wadhi dala!" Elkanah mwana wa Ouko, twende nyumbani.

Nyanya yake aliwafundisha tangu wakiwa hawajaota meno ya pili: sauti ya mtu usiyemwona, ikitoka upande wa maji, usiiitikie. Ukiitikia umekubali, na ukikubali unakwenda. Akajua ni Gisiri. Nani mwingine? Gisiri ametumwa aje amchukue mwenye jina. Na hata kama sauti ilifanana na ya mtu aliyemjua zamani, si ndivyo wafu wanavyofanya, wanaazima sauti?

Ikaita mara ya tatu, na safari hii ilikatika mwishoni kama ya mtu anayelia. Elkanah akajiziba masikio kwa viganja, akauma blanketi, akakaa hivyo mpaka taya zikauma. Alipoachilia, hapakuwa na sauti. Kulikuwa na mngurumo wa gari likiondoka upande wa ufuoni, ukafifia.

Hakumwambia mtu. Usiku ule na uliofuata alilala na taa inawaka na sufuria karibu na kichwa. Hatua za kufikia maji zilikuwa zimebaki kumi na nne.

Jumamosi asubuhi, saa tatu, walikuwa wanakunywa chai. Redio ya Clifford ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake, stesheni ya Kijaluo, na baada ya wimbo wa kanisani yakaja matangazo ya vifo kama kawaida. Elkanah alikuwa anachovya mkate wake. Mtangazaji alisoma mmoja wa Karachuonyo, mmoja wa Ndhiwa, halafu akasoma wa tatu, polepole, kwa ile sauti yao ya huruma:

"Mzee Elkanah Ouko wa Uriri, baba yake Pamela, mdogo wake Jacktone, aliyepotea ziwani. Ndugu zake walimwita ufuoni Jumatano na hakuitika. Yago lake litazikwa leo nyumbani kwake saa saba mchana."

Mkate ukaingia wote ndani ya chai.

Clifford alisimama taratibu. Akachukua kigoda chake, akakirudisha nyuma mpaka mlangoni, akaketi huko.

"Wamesema nini? Nimesikia jina lako," Mellen aliuliza. Kijaluo chake kilikuwa cha kuuzia viatu tu. "Yago ndiyo nini?"

"Ni tunda," Clifford alisema bila kumtazama Elkanah. "Refu kama mkono, zito. Linaning'inia kwa kamba yake juu ya mti. Ziwa likikataa kutoa maiti, watu wanakwenda kumwita majini. Asipoitika wanachukua yago, wanalivisha shuka, wanalizika badala yake. Basi, imekwisha, amekufa."

"Na mwenyewe akirudi?"

"Harudi."

"Si huyu hapa anakunywa chai!"

"Sasa hivi bado ni mtu," Clifford akasema. "Lile tunda likishaingia udongoni, huyo si mtu tena. Huwezi kumkaribisha, huwezi kula naye. Hata watoto wake."

Elkanah alijua. Alipokuwa mtoto Uriri palikuwa na mwanamume aliyeitwa Onditi, alirudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho mwaka mmoja baada ya yago lake kuzikwa. Hakuna aliyemfungulia. Mama yake mzazi alijifungia ndani akaimba nyimbo za kanisa mpaka alipoondoka. Alikaa sokoni chini ya meza za wauza nyama, akiwaita watu kwa majina yao, na watu wakigeuza nyuso. Watoto walimpiga mawe. Elkanah alimpiga mawili, na moja lilimpata sikioni. Onditi alimtazama tu, akasema, "Wewe ni wa Ouko."

"Alikuwa Jacktone," Elkanah alisema. "Jumatano. Alikuwa kaka yangu ananiita. Nilisikia, nikanyamaza."

Mellen alikuwa ameshanyakua simu ya Clifford. "Namba!" Elkanah akaitaja. Ikaita mara nne, na mwanamume akashika. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba.

"Nipe Pamela," Elkanah alisema. "Ni mimi, Elkanah."

Halafu mtu akapiga ukelele, "Shindwa! Shindwa kwa jina la Yesu!" na simu ikakatika. Walipopiga tena ilikuwa imezimwa.

"Vaa viatu," Mellen akasema.

"Mimi nitabaki kulinda vitu," Clifford akasema kutoka mlangoni.

"Linda, bwana. Linda sana."

Elkanah alichukua fungu la kamba lililobaki kwa sababu hakuwahi kutoka bila kamba begani. Walipata boda boda ya baba mmoja mwenye ndevu za mvi, wakapanda wote wawili, naye hakuambiwa chochote zaidi ya kwamba kuna mazishi na wamechelewa. Mvua iliwakuta kabla ya Rongo, ikawafuata mpaka Awendo. Malori ya miwa yalikuwa yameziba barabara, moja limelala ubavu, na miwa imetapakaa. Walisukuma pikipiki shambani kulizunguka. Saa tano ikapita. Walipoacha lami Uriri, Elkanah alikuwa anauliza saa kila baada ya kona, na Mellen alikuwa anamdanganya kila mara kwa dakika kumi.

Saa sita na nusu walifika mto Oyani, na daraja la miguu halikuwepo. Ilibaki miti miwili upande huu, na maji mekundu yanapita yakibeba matawi, mabua, na kuku aliyekufa.

Ng'ambo, juu ya kilima, aliliona boma la baba yake. Hema jeupe. Moshi wa jikoni. Kipaza sauti kilikuwa kinaimba, na alipopiga kelele sauti yake haikufika hata katikati ya mto.

"Kuna daraja la magari," mwenye pikipiki akasema. "Lakini kwa tope hili ni saa nzima."

Wimbo ukakoma. Mchungaji akaanza kuomba, na Elkanah aliyajua yale maombi. Yale huombwa watu wakiwa wamesimama kando ya shimo.

Akatua kamba. Mafundo aliyafunga sawasawa, maana mikono ya muuza kamba haisahau: fundo moja kwenye mti, moja kiunoni mwake. Akampa Mellen sehemu ya katikati.

"Wewe si mgongo wako unauma?" Mellen alimwambia, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Niliogopa, Mellen. Haukuwa mgongo."

"Nilijua. Hata Gisiri alijua. Nenda."

Maji yalimshika magoti, kisha mapaja, kisha yakamnyanyua kama mtu anayenyanyua gunia. Akazama. Koti lake zito lilijaa, likamvuta, na mkono wake ukalishika kwa nguvu, koti la miaka ishirini, lenye kila kitu chake mfukoni. Masikioni alisikia jina lake, Elkanah, Elkanah, na safari hii hakujua kama ni maji au Mellen. Akamkumbuka mwenye jiwe. Akavua mkono mmoja, akavua wa pili, akaliachilia. Kisigino kikagusa changarawe. Alitambaa kwa viwiko mpaka nyasi zikamjia mdomoni, akatapika, akafungua kamba, akasimama.

Hebu fikiria walichokiona wale waombolezaji. Watu wanamzika aliyezama, na kutoka mtoni anapanda yeye mwenyewe, miguu mitupu, shati limemgandama, matope usoni, maji yanamtiririka.

Wa kwanza kumwona alikuwa mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakupiga kelele. Alianza tu kurudi nyuma, akaangusha kiti, akaendelea kurudi. Halafu hema lote likapasuka. Viti vilivunjika, sufuria ya wali ikamwagika, vijana walioshika shuka jeupe juu ya kaburi wakabaki wameganda, na lile tunda linaning'inia kati yao. Mbele ya kaburi palikuwa na picha yake, ile ya kitambulisho, imekuzwa, ana nywele nyeusi.

"Simama hapo!" Jacktone alifoka. Alikuwa amezeeka, amekonda, jembe mkononi. "Usivuke ua!"

Elkanah akasimama kwenye pengo la ua. "Jacktone, omera, ndugu yangu, ni mimi. Sikuzama."

"Sauti ni yake," mtu akanong'ona.

"Sauti wanaazima," mwingine akajibu.

"Shusheni!" mzee mmoja akawaambia vijana. "Shusheni upesi, kabla hajaingia!"

Shuka likaanza kushuka.

"Ngojeni." Alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa kitambaa cheusi kichwani, na Elkanah alimtambua kwa namna alivyosimama, kama mke wake aliyekufa. Pamela alikuja mpaka hatua tano kutoka kwenye ua. "Kama wewe ni baba yangu," akasema, "siku ulipoondoka uliniambia nini?"

Elkanah akatafuta neno zuri. Yalikuwepo mengi ambayo baba angemwambia binti. Akayaacha.

"Sikukuambia kitu," akasema. "Ulikuwa umelala. Nilisimama mlangoni nikaona blanketi limekutoka miguuni. Nilitaka kukufunika, nikaogopa utaamka. Nikaondoka."

Pamela alijishika kifua. "Baridi ya miguu ndiyo iliyoniamsha," akasema polepole. "Hilo sijawahi kumwambia mtu."

Hapo Roselyn, mke wa Jacktone, mama mnene asiyeogopa kitu chini ya jua, akampita kila mtu, akavuka ua, akamshika Elkanah sikio akalivuta. "Ana joto!" alitangaza. "Na bado ananuka tumbaku ileile. Shemeji, umetumwagia wali wa watu mia mbili, pumbavu wewe." Kisha akamkumbatia akaanza kulia.

Jembe likamtoka Jacktone mkononi. "Nilikuita Jumatano," akasema. "Mara tatu. Nilisimama ndani ya maji na suti. Kwa nini hukuitika?"

"Nilikusikia. Niliogopa."

Jacktone akaketi juu ya lundo la udongo, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

Lakini shimo lilikuwa wazi, na kila jicho lilikuwa linarudi pale. Kaburi lililochimbwa halifukiwi tupu; hilo hata mchungaji hakulibishia. Yule mzee akasema yago bado halijaitwa jina juu ya shimo, kwa hiyo si la mtu. Elkanah ndipo alipowaambia, mbele ya wote, bado anatetemeka kwa baridi: nani alikufa, alikaa kwenye kiti cha nani, na kwa nini.

"Mkuria? Ndani ya boma la Ouko?" mtu akauliza.

"Alikufa kwa jina langu," Elkanah akasema. "Mpeni kaburi langu."

Walibishana kama saa nzima, mpaka Mellen akafika kwa njia ya daraja la magari, tope mpaka nywele. Jacktone alimuuliza jina kamili la marehemu, mtoto wa nani. Mellen alimtazama Elkanah. Elkanah akatazama chini.

"Hatukumuuliza," Mellen akasema.

Basi mchungaji aliita alichopewa: Gisiri, mnoa visu, wa Ntimaru. Yago likashuka.

Mwili wa Gisiri haukupatikana, wala wa yule mwanamke wa kisiwani. Mwezi wa nane Mellen alimpata dada yake, Nyamusi. Alikuja Uriri siku moja, akakaa karibu na kaburi, akasema baba yao aliitwa Nyarangi, akachukua udongo kidogo kwenye leso na kofia ya kaka yake, akarudi kwao. Jina la baba liliongezwa msalabani kwa rangi.

Karani aliwekwa ndani wiki mbili akaachiliwa. Vyumba vya Mama Cate viliingia maji mwezi wa sita. Sasa anauza chai kwenye kituo cha magari. Clifford alihamia Kisii. Akikutana na Elkanah humpungia kwa mbali, hampi mkono. Mellen bado anauza viatu, na masika anakaa Kehancha. Jacktone alikufa mwaka uliofuata kwa kifua, akazikwa ubavuni mwa Gisiri. Roselyn yupo.

Elkanah alilala miezi minne katika kibanda walichomjengea haraka kwa ajili ya mazishi yake, maana kwa desturi mzee hazikwi bila nyumba. Kilikuwa kinavuja. Mahindi yalipovunwa mguu ukaanza kuwasha. Alfajiri moja alifunga kamba zake, akaenda akamwamsha Pamela, akamwambia anakwenda Ogwedhi na atarudi mvua ikianza. Pamela alimpa simu ndogo na akamwandikia namba yake kwenye karatasi, ingawa anaijua. Mvua ilipoanza alirudi. Daraja la Oyani limejengwa upya, la mbao.